Tarehe imepita na mtoto bado: mwongozo kamili wa kungoja uchungu

"Nyar Kakamega, bado?"

Nyar Kakamega ni Kijaluo, binti wa Kakamega, na hiyo ndio ilikuwa salamu yangu ya asubuhi siku kumi mfululizo. Mama mkwe anapiga kutoka Ahero hata kabla hajawasha moto, ikifika saa nne shemeji ameshapiga, shangazi wa Kakamega ametuma ujumbe wa "kwani kunaendaje huko", na jirani akiniona naanika nguo anasimama anashika kiuno, haiya, bado uko? Kama uko wiki ya 38, 39 ama 40, umekaa na tumbo lako unajibu simu za watu, hii nimeandika kwa ajili yako. Mimi si nesi. Nimezaa watatu hapa Kisumu, kila mmoja alikuja na njia yake, na mambo mengi niliyajua nikiwa nimeshachelewa ama baada ya kuuliza manesi wa kliniki maswali hadi wakanichoka.

Watu wanadhani kungoja ni kukaa tu. Kuna kazi hapo, na ukiifanya mapema hata zile simu haziumi sana.

Hatua ya 1: Elewa hiyo tarehe ni tarehe ya nini

Ile tarehe nesi ameandika kwa kitabu cha kliniki si siku ya kuzaa, ni makadirio. Inapigwa hivi: chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, halafu rudi nyuma miezi 3. Tuseme ilianza 10 Juni, ukiongeza 7 unapata 17, ukirudi miezi mitatu ni 17 Machi. Hizo ni siku 280, yaani wiki 40. Sasa hesabu hiyo inachukulia mwezi wako ni wa siku 28, kama wako unaenda 35 tayari umepotea wiki nzima na hakuna mtu amekosea. Kati ya watoto 100, wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa ni wanne watano hivi. Wengine wote wanakuja kabla ama baada.

Kwa hivyo usiangalie siku, angalia dirisha. Kutoka wiki 37 mpaka 42 ndio muda wa mtoto kuja, na kwa mfano wetu hiyo ni kutoka 24 Februari hadi 31 Machi, zaidi ya mwezi mzima! Mimi kwa mtoto wa tatu nilijifunza ujanja, watu wakiuliza unawaambia "mwisho wa mwezi". Shida ni mama mkwe alikuwa ameshaona kitabu.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni skani. Skani ya mapema, ile ya miezi mitatu ya kwanza, ndio inajua tarehe vizuri zaidi kwa sababu watoto wote wakiwa wadogo vile wanalingana. Ya mwisho mwisho inapima ukubwa, na mtoto wa wiki 36 anaweza kuwa mnene ama mwembamba kama mtu mwingine yeyote, hivyo tarehe yake inaweza kupotea hata wiki mbili tatu. Mimi na Achieng wangu nilifanya skani ya kwanza wiki ya 36, ikanipa tarehe tofauti na ya kitabu, nikakaa na tarehe mbili kama mtu ana wachumba wawili. Ukipata hivyo peleka zote kliniki, uliza tunafuata gani, na waandike hiyo moja kwa kitabu. Itakuja kuwa muhimu ukipita 40, utaona.

Hatua ya 2: Panga usafiri kana kwamba itakuwa saa nane usiku na mvua inanyesha

Hii ndio hatua nataka ushike kuliko zote. Wamama wengi wanaoumia hawaumii kwa sababu hospitali haiko, ni kwa sababu waliamua kwenda wakiwa wamechelewa, ama walichelewa njiani, ama walifika wakangoja. Hiyo ya tatu huwezi kuimaliza wewe, lakini mbili za kwanza ziko kwa mkono wako.

Amua hospitali kabla, na ujue ya pili kama ya kwanza imejaa ama kuna mgomo, si unajua huku kwetu. Kama ulishazaa kwa operesheni, uko na mapacha, presha imekuwa ikipanda, ama mtoto amekaa vibaya tumboni, usipange kuzalia kituo kidogo, panga mahali kuna chumba cha upasuaji na damu. Kwa Kisumu wengi wanaishia Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, Kakamega kuna County General, Nakuru kuna Margaret Kenyatta. Nenda siku moja mchana ukiwa bado unatembea vizuri, uone geti la usiku ni gani, wodi ya kujifungulia iko wapi, na kama wanakubali mtu wa kukaa na wewe.

Halafu dereva. Usiwe na namba moja, kuwa na tatu, na wawe watu wanaolala karibu, si yule unampata stage mchana halafu usiku analala Nyamasaria. Ongea nao bei ya usiku sasa hivi, mchana, mkiwa mmetulia, kwa sababu saa nane usiku bei hupangwa na uchungu wako. Tuktuk ama Probox ni afadhali kuliko boda, na kama ni boda peke yake iko basi watu wawe wawili, mmoja akae nyuma akushike. Weka pesa ya usafiri kando kwa Mpesa na usiiguse hata kwa unga.

Na uangalie kalenda. Okoth wangu alikuja Aprili, mvua ya masika, na usiku huo sisi tulikuwa tumeenda kwao mume wangu, Kano, kumsalimia mama yake. Chupa ikapasuka saa tisa usiku. Udongo mweusi wa huko ukinyeshewa si barabara tena, ni ugali mbichi, boda ilikwama mara tatu, nikatembea na leso kiunoni na maji yananitiririka miguuni mpaka kwa lami, mume wangu mbele na tochi ya simu. Usicheze hivyo. Ukiwa unaishi mahali panafurika, Nyando, Budalang'i, ama Mfangano ambako ni lazima boti na ziwa usiku lina upepo wake, usingojee uchungu huko. Kuanzia wiki ya 38 hivi hamia kwa dada ama rafiki aliye karibu na hospitali. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kuomba hii, ni wiki mbili tatu tu.

Damu pia. Jua kundi lako, limeandikwa kwa kitabu, na uwe na watu wawili wazima wanaojua wanaweza kuitwa kutoa. Kama ni negative hakikisha daktari ameongea na wewe kuhusu sindano yake.

Malipo: ile Linda Mama tuliyozoea, ya serikali kulipia wamama kujifungua, iliisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, bima ya afya ya serikali. Unajisajili kwa *147#, na kama huna kazi ya mshahara unapimwa uwezo halafu unalipa mchango wa mwaka mzima, si wa mwezi. Usingoje kufanya hii ukiwa unashika ukuta. Uliza hospitali yako mapema kama wanaona jina lako kwa mashine.

Hatua ya 3: Mfuko

Uwe tayari wiki ya 36. Kitabu cha kliniki juu kabisa, kitambulisho chako na cha baba, chaja. Leso tatu nne, hizi ndio utatumia kwa kila kitu, kutandika, kufunika, kujifunga, kumbeba. Pamba na pedi kubwa za kujifungulia, chupi za kutupa ama za zamani, slipa, beseni, sabuni, Jik, gauni linalofunguka mbele. Za mtoto: kofia mbili, soksi, blanketi, nguo tatu, nepi. Glavu na kibanio cha kitovu uliza, kuna mahali unaambiwa ununue na mahali wanatoa. Flaski. Watu wanasahau flaski halafu saa kumi usiku unatamani uji kama dawa.

Kwetu kuna wale wanaamini ukinunua nguo za mtoto mapema unaita mkosi. Sitabishana na mama wa mtu. Nunua kidogo kidogo pale Kibuye Jumapili, fua, weka kwa dada yako, siku ikifika analeta. Kila mtu anafurahi.

Hatua ya 4: Kila siku, sikiliza mtoto

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimesikia uongo mmoja mpaka masikio yamechoka, ati mwisho wa mimba mtoto anaacha kucheza kwa sababu nafasi imeisha. Hapana. Aina ya mchezo inabadilika, ile ya mateke makali inakuwa ya kujigeuza, kusukuma, kunyoosha mguu chini ya mbavu, lakini haipungui. Mtoto wako ana ratiba yake, wangu wa tatu alikuwa anaamka nikishalala, saa tatu usiku kamili kama taarifa ya habari. Hiyo ratiba ndio uijue. Siku ikibadilika, kunywa kitu, lala ubavu wa kushoto mahali kimya, weka mkono, hesabu. Ukikaa saa mbili na hujafikisha 10, ama moyo wako tu unakuambia leo huyu si yeye, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Si kesho asubuhi. Si baada ya kulala kidogo uone.

Mimi nilienda hivyo wiki ya 39, saa nne usiku, na tuktuk. Nesi akaweka mashine, moyo ukasikika tu-tu-tu-tu kama farasi, mtoto akaamka akapiga teke mashine yenyewe. Nikaomba msamaha, nesi akaniambia mama, ukiona hivyo kesho rudi tena. Sikuona aibu na wewe usione.

Kulala, lala ubavu, kushoto ama kulia, mto kati ya magoti, usilale chali. Ukiamka ukajikuta chali geuka tu urudi kulala, usianze kulia. Na lala ndani ya neti, huku kwetu kando ya ziwa malaria haiangalii kama umebakisha siku mbili, homa yoyote wakati huu ni ya kwenda hospitali, si ya kununua dawa kemisti. Kama uko kwa zile tembe za malaria za kliniki endelea na walivyokupangia.

Kula kawaida. Uji wa wimbi, omena, osuga, saga, mrenda, mayai. Kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo limebanwa na kiungulia kinangoja kosa lako. Tembea jioni jua likipoa. Usibebe mtungi wa maji ati ndio uchungu uje, utapata mgongo tu.

Na kliniki usiache. Kuna wale wakifika 38 wanaona wamemaliza, kumbe huo ndio wakati presha inapenda kupanda.

Hatua ya 5: Tofautisha uchungu wa ukweli na wa uongo

Na Achieng nilienda hospitali mara tatu. Ya kwanza nilienda na mfuko, mume, dada yake, na mama jirani wa kuomba. Nikapimwa, mlango wa kizazi umefungwa kabisa, nikarudi Mamboleo na kikosi changu chote kwa matatu, nimenyamaza. Ya pili vile vile. Kwa hivyo najua vile inachanganya.

Uchungu wa uongo unakuja bila mpango. Tumbo linakaza, linakuwa gumu kama mpira, linaachilia, saa nyingine dakika 8, saa nyingine 20, halafu ukitembea ama ukinywa maji ama ukioga maji ya moto unapotea. Mara nyingi unakaa mbele tu. Unaweza kukusumbua wiki mbili kila jioni, na si ati mwili unakudanganya, unafanya mazoezi.

Wa ukweli haujali unafanya nini. Unaanzia mgongoni mara nyingi, unazunguka kuja mbele, unakaribiana, unarefuka, unaongezeka nguvu. Mwanzoni unaweza kuongea ukiwa nao, baadaye ukija unanyamaza katikati ya sentensi, na ukishafika pale hutaki mtu akuguse ama akuulize chai iko wapi, basi umefika.

Pima na simu. Unaanza kuhesabu pale unapoanza hadi pale mwingine unapoanza, hiyo ndio nafasi kati yao, halafu unapima mmoja unakaa muda gani. Baba Achieng alikuwa anaandika nyuma ya kalenda ya supamaketi na kalamu inayokataa kuandika: 1:10, 1:19, 1:27, 1:33. Karatasi hiyo niko nayo mpaka leo. Kwa mtoto wa kwanza, ukifika kila dakika 5, kila mmoja unakaa kama dakika moja, na imeenda hivyo saa nzima, nenda. Kama ni wa pili kuendelea usingoje mpaka hapo, ukiona unafuatana vizuri hata kwa dakika 8 ama 10, beba mfuko, mlango ukishafunguka mara moja unakumbuka njia. Na kama unakaa mbali na hospitali punguza tena. Hiyo hesabu ya dakika tano iliandikwa na mtu anayeishi karibu na lami. Kama ulizaa kwa operesheni mara ya mwisho, nenda uchungu ukianza tu, usihesabu chochote.

Ule ute mzito kama kamasi wenye damu kidogo, wa waridi ama kahawia, ni mlango unaanza kulegea. Ukiuona furahia lakini usikimbie, unaweza kuzaa usiku huo ama baada ya wiki. Damu yenyewe, nyekundu, inayotoka kama hedhi, hiyo ni hadithi nyingine na ni ya kukimbia.

Ukiwa bado mwanzo, kaa nyumbani ule, unywe uji, ulale kati ya mmoja na mwingine. Huu mwanzo kwa mtoto wa kwanza unaweza kuchukua usiku na mchana. Kosa langu mimi nilitembea usiku kucha ati niharakishe, na wakati wa kusukuma ulipofika nilikuwa nimeisha kabisa.

Hatua ya 6: Chupa ikipasuka

Si lazima iwe mafuriko kama zile za sinema. Saa nyingine ni kidogo kidogo na hujui kama ni mkojo. Vaa pedi safi, lala nusu saa, simama ghafla, kohoa. Mkojo una harufu unayoijua, haya maji hayana harufu kali na huwezi kuyazuia hata ukibana. Bado hujui? Nenda upimwe, ndio kazi yao.

Angalia rangi na saa. Yakiwa meupe ama ya manjano kwa mbali na mtoto anacheza, jipange utoke vizuri, oga haraka, nenda hospitali hata kama uchungu haujaanza. Wengi uchungu huja wenyewe ndani ya siku moja, lakini ule muda mlango uko wazi vijidudu vinaweza kuingia, kwa hivyo hakuna kulala na mume tena, hakuna kuingiza kitu, hakuna kukaa siku mbili nyumbani. Yakiwa ya kijani, kahawia ama ya damu, usioge, toka. Na kama unahisi kitu kama kamba kimetangulia, hiyo ni ya dharura kubwa kabisa, piga magoti, kichwa chini makalio juu, hivyo hivyo hata ndani ya gari, na wakimbie na wewe.

Hatua ya 7: Vile vitu utaambiwa unywe

Utaletewa. Kuna mama atakuja na chupa ya soda ya zamani na maji ya kijani ndani, atakuambia hii hata nyanya yako alikunywa. Mpokee vizuri, mshukuru, weka kando. Dawa nyingine za kienyeji zinakaza kizazi kweli, na hapo ndio shida, hakuna anayejua kiasi, uchungu unakuja mkali bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mwenye kovu la operesheni anaweza kupasuka kizazi. Vidonge vya kuanzisha uchungu vya kununua kemisti kimya kimya ni vile vile. Mafuta ya mbarika yatakupa kuhara na utaingia leba huna maji mwilini. Pilipili ni kiungulia tu.

Vya kujaribu bila kuumia: kutembea, tende ukipenda, kulala na mume kama chupa haijapasuka na hakuna damu na daktari hajakataza. Hiyo ya mwisho haijaonekana kuleta uchungu kwa hakika lakini angalau haina madhara na mnalala vizuri. Ukishapita 40 nesi anaweza kukupima na kuzungusha kidole kwa mlango wa kizazi kulegeza ngozi ya chupa, inauma kidogo, inaleta damu kidogo, na inasaidia wengine. Ni lazima akuulize kwanza. Unaweza kukataa.

Nyamrerwa, yule mkunga wa kijijini, simtukani, wengine siku hizi wanasindikiza wamama hospitali na wanafanya kazi nzuri ya kushika mkono na kukanda mgongo. Mwombe hiyo. Kuzalisha awaachie wenye damu na theta.

Hatua ya 8: Vitu ambavyo havingoji

Damu. Kichwa kinachouma hakiishi, kuona nyota ama ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni presha ya mimba na inaweza kuleta degedege. Homa. Mtoto amepunguza kucheza. Tumbo linalouma bila kuachilia. Ukipata moja tu, wiki yoyote, saa yoyote, enda. Mwambie na mume hii orodha, kwa sababu ukiwa na degedege si wewe utakuwa unakumbuka.

Na kama mtoto ameamua kuja kwa tuktuk: simameni, lala ubavu, usizuie na usivute. Akitoka mpanguse, muweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike na leso na kofia. Kamba msikate na msivute, endeleni na safari.

Hatua ya 9: Ukirudishwa nyumbani

Itatokea. Uko sentimita 2, wodi imejaa, unaambiwa enda utembee. Kabla hujatoka uliza wamepima presha, wamesikiliza moyo wa mtoto, na nirudi nikiona nini. Kama unatoka mbali sema wazi, natoka mahali fulani, usiku sina gari, naomba nikae hapa hapa. Sema kwa heshima lakini usinong'one. Mara yangu ya pili na Achieng kuna mtu pale aliniambia "wewe unapenda hospitali sana", nikaona aibu, na mara ya tatu nikakawia kwa sababu ya hilo neno, nikafika nikiwa sentimita 8. Neno la mtu lisikucheleweshe.

Hatua ya 10: Ukifika wiki 41

Hapa kungoja kunaisha, na ndio maana nilisema tarehe yako ijulikane vizuri. Ukipita 40 rudi kliniki, na ukigonga 41 bila uchungu unafaa kuwa hospitali kuongea kuhusu kuanzishiwa. Si ati mtoto ameharibika. Kondo la nyuma linaanza kuchoka, maji yanapungua, mtoto anaweza kuchafua hayo maji, na hatari ya kumpoteza, ingawa bado ni ndogo, inapanda ukiendelea kungoja. Wale wanasema walibeba miezi kumi na mbili walikosea kuhesabu, waache tu.

Wanakupima kwanza. Kama mlango bado mgumu wanaulegeza kwa dawa ama kwa kipira kidogo chenye maji, kama umelegea wanapasua chupa ama wanakuwekea dripu, na mtoto anasikilizwa mara kwa mara. Uchungu wa dripu unakuja haraka kuliko ule wa nyumbani, sitakudanganya. Na si lazima uishe siku moja, kwa hivyo kula kabla ya kwenda, beba uji, mwambie mtu wa kukusindikiza abebe sweta na mahali pa kuchajia simu.

Mimi niliingia Jumanne asubuhi, wiki 41 na siku tatu. Kwa Wajaluo jina hufuata saa ya kuzaliwa, Akinyi ni wa alfajiri, Achieng wa mchana, Atieno wa usiku. Mama mkwe alikuwa ameshajipangia, ati kwa vile wataanza mapema mtoto atakuja alfajiri aitwe Akinyi, na ikishindikana saa sita mchana, lakini Achieng tulikuwa naye tayari, kwa hivyo ni Akinyi. Jumatano alfajiri ikapita. Mchana ukapita, simu ikaingia mara sita, mume akaizima. Mtoto akaja Jumatano saa tano usiku, kilo 3 na nusu, analia kama anadai mtu. Tukapiga Ahero tukijua atakuwa amelala, akashika kabla hata haijalia mara mbili.

"Mama, ni Atieno."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Na wewe umekula?"